Barua pepe si ukurasa wa wavuti

Najua nimepotea. Kazi zilinibana, halafu stima hapa Kiamunyi ikawa inapenda kwenda zake saa moja jioni, saa ile ile ninayoketi kuandika. Leo iko, kwa hivyo wacha nitoe jambo ambalo limenikaa kooni tangu 2022.

Niseme msimamo wangu mapema ili asiyetaka kusoma mengi aende zake na amani. Programu ya barua pepe haina haki ya kuonyesha HTML jinsi kivinjari kinavyoonyesha tovuti. Barua ikifika ifunguke kama maandishi matupu. Anayetaka rangi na picha abonyeze kitufe aziombe, kwa barua hiyo moja tu. Najua wengi mtasema mimi ni mzee aliyezaliwa kwenye mwili wa kijana. Nina miaka ishirini na minane na siku hizi ndiyo kwanza naanza kukubali sifa hiyo.

Kwa wale ambao si watu wa kompyuta: HTML ni lugha inayotumika kuandika kurasa za wavuti. Ndiyo inayosema neno hili liwe zito, hapa pakae picha, hapa mtu akibonyeza apelekwe pale. Barua pepe hapo mwanzo haikuwa na mambo hayo. Ilikuwa herufi tu, kama telegramu. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed waliandika kanuni inayoitwa MIME, ambayo iliwezesha barua moja kubeba sehemu za aina mbalimbali: maandishi, picha, sauti. Kazi nzuri, bila hiyo usingeweza kutuma CV yako. Ndani ya kanuni hiyo kuna utaratibu wa kutuma ujumbe uleule kwa sura mbili, moja ya maandishi matupu na nyingine ya mapambo, mpokeaji achague. Yaani waliowaza jambo hili walimwachia mpokeaji uamuzi. Ni kampuni za programu zilizokuja baadaye ndizo zilizomwamulia.

Tatizo liko wapi? Fikiria barua ya Posta. Unaichukua kwenye sanduku, unaikata, unaisoma. Barua hiyo haimpigii simu aliyeiandika kumwambia kwamba umeifungua saa mbili na dakika tano asubuhi ukiwa Section 58, na kwamba simu yako ni ya aina fulani. Barua ya HTML inaweza. Mtumaji anaweka humo picha ya pikseli moja kwa moja, ndogo kiasi kwamba huwezi kuiona hata ukitumia miwani ya babu yako. Picha hiyo haipo ndani ya barua, iko kwenye seva yake, na anwani yake ina namba iliyotengenezwa kwa ajili yako peke yako. Programu yako ikienda kuichukua, seva inaandika: namba hii imefungua, saa hii, kutoka anwani hii ya intaneti. Kampuni za matangazo hufanya hivyo mchana kweupe. Mlaghai naye hufanya hivyo ili ajue ni sanduku lipi lina mtu hai ndani.

Hapo bado hatujafika kwenye kujificha. Katika maandishi matupu, anwani ni anwani. Katika HTML, maneno unayoyaona ni kitu kimoja na mahali yanapokupeleka ni kitu kingine kabisa. Kila Juni, mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi unapokaribia, mimi hupokea barua zinazojifanya zimetoka KRA. Neno lililopigiwa mstari linasomeka itax.kra.go.ke vizuri kabisa. Mahali linapokupeleka ni tovuti ya mtu fulani huko duniani ambaye hata hajui PIN ni nini, ila anaitaka yako. Ujanja huo wote unategemea kitu kimoja: kwamba programu ya barua imekubali kuficha anwani halisi nyuma ya maneno.

Na zamani ilikuwa mbaya zaidi. Mwishoni mwa miaka ya tisini, Outlook na Outlook Express zilikuwa zikitumia injini ya Internet Explorer kuonyesha barua. Kwa hivyo kila ufa wa kivinjari ukawa ufa wa barua. Mwaka 1999 kulikuwa na mnyoo ulioitwa KakWorm, ambao ulijificha kwenye sahihi ile inayowekwa chini ya barua. Haukuwa na kiambatisho. Ukifungua barua umekwisha, na kuanzia hapo kila barua unayotuma inambeba. Mwaka huohuo BubbleBoy ikafanya vivyo hivyo. Halafu Septemba 2001 ikaja Nimda, ambayo pamoja na njia zake nyingine ilitumia kosa lililokuwa limeshatolewa kiraka tangu Machi mwaka ule: barua ilitangaza kwamba imebeba faili ya sauti, Internet Explorer ikaamini na kuicheza papo hapo, kumbe ni programu. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa kuchezea matope ya Njoro. Lakini nilisomeshwa hayo chuoni na nikayacheka, nikisema watu wa zamani walikuwa wazembe kweli.

Sasa nisikilizeni nilivyokuja kuyafanya mwenyewe.

Mwaka 2022 nilipata kazi ya kampuni moja ya kusafirisha maua na mboga kutoka Naivasha. Sitaitaja. Maagizo ya wateja wao wa nje yalikuwa yakifika kwenye anwani moja ya barua pepe, na watu watano walikuwa wakigombania nywila moja. Wakaniomba niwatengenezee mfumo: barua ziingie sehemu moja, kila karani aone ni ipi imeshughulikiwa na ipi haijaguswa, na kando yake zikae ankara na akaunti za benki. Kazi ya miezi miwili. Nilitumia React, na barua nikazionyesha kwa kutumia kile kipengele ambacho waandishi wake wenyewe walikiita dangerouslySetInnerHTML. Tafsiri yake ni kama "weka HTML hii kwa njia ya hatari". Jina lenyewe linakupigia kengele! Mimi nikasoma kengele hiyo, nikaandika mistari minne ya msimbo wa kuondoa kila tagi ya script, nikajiona nimemaliza.

Kabla ya kukabidhi kazi nikamwomba rafiki yangu tuliyesoma naye, ambaye sasa anafanya kazi ya usalama wa mitandao Nairobi, aujaribu mfumo. Kampuni ilikubali. Nikatoka kwenda kula chapati madondo kwenye kibanda karibu na Gusii Road. Sijamaliza chapati ya pili, WhatsApp ikalia. Ni picha ya skrini. Sanduku lote la barua la kampuni, na jina la karani aliyekuwa zamu pale juu kwenye kona.

Alichofanya ni cha kutia aibu kwa wepesi wake. Alituma barua ya kuagiza mawaridi. Ndani yake aliweka tagi ya picha yenye anwani ambayo haipo, na akaongeza sifa inayoitwa onerror, yaani: picha ikikosekana, fanya hivi. Picha ikakosekana, bila shaka. "Hivi" ilikuwa ni kuchukua kitambulisho cha kikao cha yule karani na kukituma kwake. Hakuna tagi ya script hata moja. Mistari yangu minne ilikuwa imelinda mlango huku ukuta wa nyuma haupo. Kwa kitambulisho kile angeweza kubadilisha akaunti za benki kwenye ankara, na karani angeapa mbele ya hakimu kwamba hakufanya chochote ila kusoma barua. Na angekuwa anasema kweli.

Nililala ofisini siku mbili nikirekebisha. Nikaacha kujitungia kichujio na kuchukua DOMPurify, maktaba iliyotengenezwa na Cure53 wa Ujerumani, watu ambao kazi yao ni kuwaza ujanja wa namna hii kuanzia asubuhi. Barua nikaziweka ndani ya fremu iliyofungiwa, isiyoruhusu hati yoyote kutekelezwa. Nikafunga vitambulisho vya kikao visisomeke na JavaScript. Na picha za nje nikazizima zote, na barua zikawa zinafunguka kwa maandishi matupu kwanza.

Hapo ndipo ugomvi ulianza. Mkurugenzi, mzee mpole ninayemheshimu, aliniita.

"Kijana wangu, hizi barua mbona zimekuwa kama za enzi za Moi? Mteja wa Uholanzi ana nembo nzuri, siioni."

"Mzee, iko. Ukibonyeza hapa inakuja."

"Na kwa nini nibonyeze? Kwenye simu yangu inakuja yenyewe."

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nikamweleza habari ya onerror, akaniangalia kama ninayemweleza ndoto. Tukaafikiana: maandishi matupu yabaki kwenye mfumo, kila mtu kwenye simu yake afanye apendavyo. Nilikubali kwa sababu malipo ya mwisho yalikuwa bado hayajaingia. Ndiyo hivyo, nimesema.

Miezi saba baadaye mhasibu wao alilipa shilingi 412,000 kwa mtu asiyemjua. Barua ilionekana imetoka kwa wauzaji wao wa katoni. Ilisema wamebadilisha benki. Alikuwa safarini kuelekea Nairobi, yuko kwenye matatu, akaisoma kwenye simu, ambako programu inaonyesha jina la mtumaji bila anwani yake. Anwani yenyewe, tulipokuja kuitazama, ilikuwa na herufi r na n zimebanana mahali pa m. Nilipomuuliza ni nini kilichomfanya aamini, alinijibu huku analia: "Lakini ilikuwa na nembo yao."

Neno hilo halijanitoka. Kwa sababu nembo ile ilikuwa ya kweli kabisa! Mlaghai hakuhitaji hata kuinakili. Aliandika tu anwani ya picha iliyo kwenye tovuti halisi ya wauzaji wa katoni, na simu ya mhasibu ikaenda kuichukua huko na kuibandika juu ya uongo. Mhasibu alikatwa mshahara miezi kadhaa. Mimi nililipwa salio langu lote.

Kuna atakayesema maandishi matupu yasingezuia wizi ule, kwa kuwa uongo unaandikika hata kwa herufi tupu. Kweli. Siwezi kuapa kwamba asingelipa. Ninachosema ni kwamba asingekuwa na nembo ya kumtuliza moyo, na macho yake yangekuwa na kitu kimoja tu cha kuangalia, maneno na anwani. Mapambo ya barua hayathibitishi chochote, lakini binadamu tumeumbwa kuyaamini. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba barua yenye muhuri ni barua ya kweli.

Wakubwa wa dunia wamefanya nini? Outlook ilianza kuzuia picha za nje tangu toleo la 2003, sifa yao wapewe. Gmail nayo ilizizuia kwa miaka mingi, mpaka Desemba 2013 ilipobadilisha: Google ikaanza kuzichukua picha kupitia seva zake na kuzionyesha zenyewe bila kukuuliza. Kwa njia hiyo mtumaji haoni anwani yako ya intaneti. Lakini kama anwani ya picha ni yako peke yako, bado anajua kwamba umefungua. Apple mwaka 2021, na iOS 15, ilikuja na njia ya kuzipakua picha mapema hata kama hujafungua barua, ili mtumaji achanganyikiwe. Hiyo imenifurahisha, ni akili ya sungura. Hata hivyo zote mbili zinatibu pua ya mgonjwa wa mapafu. Nembo ya mlaghai inapita pale pale.

Na kwa sisi wenye biashara ndogo kuna jambo la karibu zaidi. Ukinunua jina la .co.ke hapa nchini na kukodi nafasi kwa bei nafuu, mara nyingi unapewa cPanel, na ukitaka kusoma barua kwenye kivinjari unasomea Roundcube. Oktoba 2023 watafiti wa ESET walieleza kwamba kundi linaloitwa Winter Vivern lilikuwa likitumia ufa wa Roundcube kuvamia ofisi za serikali za Ulaya. Ufa wenyewe? Picha ya SVG iliyotengwa kwa ujanja ndani ya barua ya HTML, kichujio kikashindwa kuisafisha, JavaScript ikatekelezwa. Aliyevamiwa hakubonyeza kitu, alitazama barua tu. Kiraka kilitoka mwezi huohuo. Mwulize anayekukodisha nafasi ni toleo gani la Roundcube analotumia. Mimi nilimwuliza wa kwangu, na jibu lilichukua siku tisa.

Ona kwamba watu wa Roundcube si wanafunzi wa chapati madondo kama mimi. Ni wazoefu, msimbo wao unasomwa na dunia nzima, na bado kichujio chao kilipitwa. Hiyo ndiyo sababu siamini tena habari ya "tutaisafisha HTML vizuri". Hata barua zilizofungwa kwa usimbaji hazikupona. Mei 2018 watafiti wa Münster, Bochum na Leuven walichapisha EFAIL. Walionyesha kwamba mtu aliyenasa barua yako iliyosimbwa kwa S/MIME au PGP anaweza kuizungushia tagi ya picha iliyoachwa wazi na kukurudishia. Programu yako inaifumbua barua, inadhani maneno ya siri ni sehemu ya anwani ya picha, na inayatuma yenyewe kwa mwizi. Hesabu ngumu za miaka yote, zimeangushwa na picha. Ushauri wa kwanza wa watafiti wale kwa watumiaji ulikuwa pamoja na kuzima HTML.

Lawama nyingine naiweka kwa wanaotuandikia. Sacco moja ambayo mimi ni mwanachama ilinitumia mwaliko wa mkutano mkuu wa mwaka. Hakuna neno hata moja la maandishi! Ni picha moja kubwa ya megabaiti tatu, na katikati kitufe kilichochorwa: "Bonyeza hapa". Hapa wapi? Kunipeleka wapi? Mwanachama aliye Molo au Olenguruone ananunua bando za shilingi ishirini kusoma tarehe ambayo ingetosha kwenye mstari mmoja. Na baya zaidi, barua hiyo inamfundisha kwamba taasisi yake ya pesa huongea hivi, kwa picha na vitufe. Siku mlaghai atakapomwandikia kwa mtindo uleule, ataanza wapi kushuku? Sheria yetu ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta inautaja ulaghai wa kuvua nywila kuwa kosa. Haisemi lolote kuhusu anayewazoesha watu kuvuliwa.

Nilidhani hoja hii ingekuwa imezeeka kufikia sasa, lakini akili bandia imeifanya mbichi tena. Watu siku hizi hawasomi barua, wanaziomba zifupishwe. HTML inaruhusu maneno meupe juu ya karatasi nyeupe, kwa fonti ya ukubwa sifuri. Wewe huyaoni, mashine inayasoma. Mwaka 2025 watafiti walionyesha kwamba maneno ya namna hiyo yangeweza kuifanya Gemini ya Google iandike onyo la uongo ndani ya muhtasari wa barua. Mwaka huohuo ikatangazwa EchoLeak kwenye Copilot ya Microsoft 365: barua moja tu inaingia kwenye sanduku, mtu anauliza swali lake la kawaida, na msaidizi anaweza kuzitoa siri za kampuni nje kwa kupitia, kisieni nini, anwani ya picha inayochukuliwa yenyewe. Microsoft ilikuwa imeshaziba ufa huo. Lakini ni ile pikseli ya zamani, imebadilisha shati.

Sisemi tuchome kila kitu. Ankara yenye jedwali inasomeka vizuri kuliko maneno yaliyopangwa kwa nafasi. Neno zito lina kazi yake, na mama yangu anahitaji herufi kubwa. Ningekuwa na mamlaka ningeruhusu hayo: uzito, orodha, jedwali, ukubwa wa herufi anaouchagua msomaji. Ningekataza kuchukua kitu chochote nje ya barua, kuficha maneno, na kiungo ambacho maneno yake si anwani yake. Wauza matangazo wangelia, na mimi ningewapelekea leso.

Mpaka siku hiyo, anayetumia Thunderbird afungue menyu ya kuonyesha, aende kwenye mwili wa ujumbe, achague maandishi matupu. Kwenye Gmail ingia mipangilio, sehemu ya picha, uchague iulize kwanza kabla ya kuonyesha za nje. Outlook ile ya kompyuta ina chaguo la kusoma barua zote kwa maandishi matupu, limefichwa kwenye mipangilio ya usalama. Kwenye simu, kabla ya kulipa mtu yeyote, gusa jina la mtumaji mpaka anwani yake itokee, halafu uisome herufi kwa herufi. Yule mhasibu sasa ameiandika anwani halisi ya wauza katoni kwa kalamu na kuibandika kwenye kifuniko cha simu yake. Nilimcheka, kisha nikaenda nyumbani nikafanya vivyo hivyo na ya benki yangu.